Posa ya Kinamasini

Kimulimuli hasimami hewani sehemu moja kama taa ya barabarani. Huruka, huwaka, huzima, na akiwaka tena anakuwa ameshasogea, na hapo ndipo hesabu inapomtoa mtu jasho. Dokta alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja ukingoni mwa kinamasi, miguu ndani ya mabuti ya mpira, joto la majira yale likimnata shingoni, na kwa muda sasa alikuwa akimtazama kimulimuli mmoja ambaye hakusogea hata kidogo.

Watu walimwita Dokta ingawa shahada yenyewe ilikuwa bado jikoni. Kazi yake ilikuwa kukaa gizani na kutazama jinsi wadudu wale wanavyotongozana. Dume huruka juu ya majani, huwaka mara mbili, kisha hunyamaza. Jike hutulia chini kwenye nyasi. Akimpenda, husubiri kidogo, muda wa mtu kumeza mate, kisha humjibu kwa mwako mmoja. Dume husogea na kuuliza tena, jike hujibu tena, mpaka wanafikiana. Jibu likija mapema au likichelewa, dume hujua huyo si wa ukoo wake na hujiendea zake. Siku mumewe aliposimuliwa habari hizo mara ya kwanza, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa fundi umeme, na mambo ya taa aliyaona ni yake.

"Kumbe hata wadudu wana posa!" alisema. "Na mahari wanatoa nini? Betri?"

Ili kujua kama madume hufuata mwanga tu au na harufu pia, Dokta alitumia tochi ndogo aliyoiziba kwa utepe mweusi ikabaki na tundu la kupitisha nukta ya mwanga. Dume akiwaka, yeye humeza mate na kubonyeza. Madume walimjia mpaka magotini. Alikuwa ameizoea kazi ile kiasi kwamba kidole kilibonyeza chenyewe, kama vile mkono unavyojua njia ya kwenda mdomoni.

Yule asiyesogea akawaka mara mbili, akanyamaza. Kidole cha Dokta kikabonyeza.

Kinamasi chote kikazima. Mamia ya vimulimuli waliokuwa wametapakaa juu ya matete walizima mara moja, na vyura nao wakakata kauli katikati ya wimbo. Ukabaki mwanga ule mmoja. Ukawaka mara mbili, karibu zaidi. Dokta alishtuka, lakini ndani ya mshtuko ule kulikuwa na furaha ya mtafiti aliyeona kitu ambacho hakuna mwenzake aliyekiona. Akameza mate, akajibu tena. Mwanga ukaja moja kwa moja juu ya maji, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, ukasimama mbele yake. Hapo akasikia harufu ya nguo mpya, ile ya dukani ambayo haijafuliwa, na chini yake harufu ya tope la zamani sana. Kisha mwanga ukazima, na maji mbele ya mabuti yake yakacheza kama yanavyocheza mtu anapogeuka na kuondoka.

Alikusanya vitu vyake haraka kuliko kawaida.

Dereva wa chuo alikuwa akimsubiri barabarani ndani ya gari. Walimwita Breki, kwa sababu hakuna kitu alichokiona mbele yake, kiwe paka au karatasi, bila kukanyaga breki.

"Dokta, mbona vyura wamenyamaza?"

"Vioo umefunga vyote. Umewasikiaje?"

"Nimesikia walivyonyamaza."

Dokta akacheka kidogo, akamweleza juu ya yule mmoja mkubwa, alivyomjibu kwa tochi, alivyokuja. Breki akakanyaga breki katikati ya barabara tupu.

"Umemjibu?" Sauti yake ilishuka. "Gizani mtu ukiitwa huitikii mpaka umjue anayekuita. Hata mtoto mdogo analijua hilo."

"Sikuitika kwa mdomo, Breki."

"Kwani yeye alikuita kwa mdomo?"

Njia nzima Dokta alijishughulisha na kufuta tope kwenye buti ambalo halikuwa chafu.

Nyumbani mumewe alikuwa amemfunikia chakula na kulala kwenye kochi huku runinga ikijizungumzia yenyewe. Dokta alipoingia jikoni, taa ya dari ikazima, ikawaka mara mbili, ikazima tena. Alisimama na sahani mkononi. Giza lile halikuwa la taa iliyoharibika. Lilikuwa la mtu aliyeuliza swali na anasubiri.

"Waya umelegea," Fundi alisema kutoka sebuleni, bado na usingizi. "Nitauangalia kesho."

Aliuangalia kesho, na keshokutwa, na wiki nzima. Alibadilisha balbu, akabadilisha swichi, akapanda darini na kushuka na utando wa buibui kichwani. Majirani ambao nyumba zao aliziwekea umeme walipita wakichungulia, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mganga hajigangi. Fundi alicheka nao, lakini Dokta alimjua. Kicheko kile kilikuwa cha mdomoni. Lililomkera zaidi ni kwamba yeye peke yake akiwa jikoni taa ilitulia kama taa ya msikitini. Mkewe akiingia tu, inaanza.

Kisha haikuwa taa ya jikoni tena. Ilikuwa kitaa kidogo cha chaja kando ya kitanda. Ikawa kioo cha simu iliyozimwa. Siku moja ilikuwa taa ya friji, mlango ukiwa umefungwa, mwanga ukipenya kwenye mpira wa ukingo wa mlango: mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Dokta alianza kumeza mate bila kutaka. Usingizi ulimkimbia. Alizunguka nyumbani akifunika kila chenye kuwaka, kwa kanga, kwa mto, kwa kiganja, na akikifunika hiki kile kinaanza, na kila alipofungua kabati la nguo ile harufu ya dukani ilimpiga usoni ingawa hakuna aliyenunua nguo.

Fundi alipoamua kuzifumua nyaya zote za nyumba, alizima umeme kwenye swichi kuu, akapima kwa bisibisi yake ya kupimia, akapima tena kwa sababu hakuwa mtu wa pupa, ndipo akapanda ngazi. Dokta alisikia kishindo. Alimkuta sakafuni, kiganja kimebabuka, macho yamemtoka si kwa maumivu bali kwa mshangao.

"Nilizima," alikuwa akisema. "Nimepima mara mbili. Waya ule ulikuwa mfu, mke wangu. Ulikuwa mfu."

Hapo ndipo hofu ilipobadilika. Mpaka siku ile Dokta alijiogopea mwenyewe. Sasa aliangalia kile kiganja, kiganja ambacho kilikuwa kimemshika katika kila jambo gumu la maisha yake, na akaelewa kwamba kinachobisha hodi nyumbani kwao hakina ugomvi naye hata kidogo. Kina ugomvi na aliyelala kando yake.

Usiku ule aliamka akamkuta mumewe amekaa kwenye ukingo wa kitanda, macho wazi, lakini yumo usingizini, na maji yalikuwa yakimdondoka kutoka kwenye pindo la suruali ya kulalia, tone baada ya tone, na kutoka dirishani mpaka upande wake wa kitanda kulikuwa na nyayo za maji, za miguu mirefu isiyo na kisigino, zilizokuja na hazikurudi.

"Kuna mtu," Fundi alinong'ona, bila kugeuka, "ananiambia nimpishe."

* * *

Breki ndiye aliyempeleka kwa Bi Sindano. Dokta alitegemea kibanda chenye giza na vibuyu. Alikuta chumba kimejaa sare za shule, na mwanamke mnene mwenye miwani akikanyaga cherehani, pini mdomoni, simu ikilia kila mara kuuliza sketi ziko wapi. Alimsikiliza Dokta bila kuacha kushona. Alipofika kwenye habari ya tochi, cherehani ikasimama.

"Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, mama."

"Huyo wa kinamasini ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

"Alikuuliza, na ukamjibu. Mara mbili." Bi Sindano akatoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kimto cha pini. "Hawa wana mila zao. Alikuja kuposa, ukaitika, kwake wewe ni mke. Kilichobaki ni kumtoa njiani huyo mwingine. Sasa niambie, hao wadudu wako, jike akiwa hataki anafanyaje?"

"Anakaa kimya. Hawaki."

"Basi ndiyo dawa, mwanangu, sina nyingine. Rudi palepale, kaa palepale. Atakuita. Usimjibu kwa taa, usimjibu kwa mdomo, hata kichwa usitikise, mpaka kupambazuke. Akikosa jibu usiku kucha, posa imevunjika. Ila ukimjibu, hata mara moja tu, mumeo haioni asubuhi." Alirudisha mguu kwenye cherehani. "Na ataita kwa unachokipenda. Mumeo asitoke nje. Afungiwe."

Mama mkwe alikuja jioni hiyo na kitambaa kichwani na uso wa mtu aliyekuja kazini. Akapewa ufunguo. Fundi, aliyekuwa amekonda wiki ile kama mtu wa miezi kitandani, alijiinua kwenye mto.

"Yaani mimi nifungiwe ndani kama kuku, mke wangu aende kukataa wachumba?"

"Ndiyo," Dokta akasema.

"Haya. Ila umkatae vizuri, asije akarudi na wazee."

Walicheka wote watatu. Dokta akambusu kiganja kilichofungwa bendeji, akatoka haraka kabla machozi hayajamtangulia. Alimpenda mwanamume yule kwa kitu kile kile, kwamba hata kifo kikimsimamia mlangoni angekitafutia utani.

Breki aliegesha barabarani akaambiwa asishuke. Simu ya Dokta ilibaki garini. Tochi aliichukua, Bi Sindano alisema mtihani bila kalamu mkononi si mtihani.

Mwanga ulikuja mapema. Mara mbili, kimya. Vimulimuli walizima, vyura wakakata kauli. Mara mbili, kimya. Dokta alikaa. Alimeza mate na kidole kikataka kubonyeza, akakikunja ndani ya ngumi. Mwanga ukasogea kushoto, ukauliza. Ukasogea kulia, ukauliza. Ukaja karibu mpaka akauona uso wake mwenyewe majini ukitokea na kupotea, na harufu ya nguo mpya ikamzunguka mabegani kama mtu anayemvisha, na kila kimya kilipopita bila jibu hewa ilizidi kuwa nzito, mpaka ikawa kuvuta pumzi ni kazi, mpaka akadhani moyo wake wenyewe unadunda mara mbili na kunyamaza, mara mbili na kunyamaza.

Ghafla mwanga ukatoweka. Na kutoka juu barabarani akasikia pikipiki ikija mbio, ikazimwa.

"Mke wangu!"

Alikuwa ni Fundi, sauti yake, na kikohozi chake katikati ya sauti. Majani yakapasuka, maji yakapigwa na miguu. Taa ya kichwani, ile aliyoivaa akipanda darini, iliyumbayumba kati ya matete.

"Nimekusikia dirishani unaniita, unasema unazama! Mama amelala na ufunguo wake, nimetokea dirishani. Uko wapi? Niwashie tochi nijue upande!"

Dokta aliacha kupumua. Taa ile iliwaka, ikafifia, ikazima, ikawaka kwa muda mrefu, ikakatika. Betri ilikuwa imeingia maji. Haikuwa na mpango wowote. Kwa miaka yote ya kukaa gizani alikuwa amejifunza kumjua anayeita kwa mpango wa mwanga wake, na mwanga huu haukuwa na mpango, ulikuwa wa binadamu anayeogopa, na kila alichosomea kilimwambia hivyo. Lakini alijua pia kwamba kati ya vimulimuli kuna jike mmoja mlaji, ambaye huiga jibu la majike wengine sawasawa, na dume akitua akidhani amepata mke, humla kichwa. Ikiwa mdudu anaweza kuiga, huyu je? Ataita kwa unachokipenda. Ukimjibu hata mara moja.

"Maji yananifika kifuani. Mke wangu, nijibu tu, basi."

Taa ikamwangukia usoni.

"Nimekuona! Uko hapo! Nipe mkono!"

Dokta akafumba macho. Akayafumba kwa nguvu, akatia vidole masikioni, akauma mkono wa shati lake, na akakaa hivyo wakati sauti ile ikimwita kwa majina ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, ikimbembeleza, ikikasirika, ikikohoa maji, ikawa si maneno tena, ikawa kishindo cha mbali kilichopita katikati ya vidole vyake na kupita ndani ya mifupa yake, kisha ikawa kimya, na yeye bado akiwa amefumba, akihesabu pumzi zake na kuzipoteza na kuanza upya, mpaka wekundu wa asubuhi ulipompenya kwenye kope.

Alifumbua macho. Vyura walikuwa wakiimba. Kati ya matete vimulimuli wachache wa mwisho walikuwa wakiulizana na kujibiana kama kawaida. Harufu haikuwepo. Dokta alilia kwa furaha, kwa sauti, kama mtoto, alikuwa ameshinda.

Alipanda mpaka barabarani. Gari la Breki halikuwepo. Kando ya mtaro ilikuwa imelala pikipiki ya mumewe, ufunguo ukiwa umo.

* * *

Fundi alikuwa hai. Breki aliiona pikipiki akatii agizo la kutoshuka, ila aliposikia kelele akashuka, akamvuta kwa ukosi wakati mdomo umeshafunikwa na maji, akampigia Dokta kelele na Dokta hakufumbua macho, basi akamkimbiza hospitali. Yote hayo Breki aliyasema kwenye korido, tope likiwa limemkaukia mpaka shingoni, akitazama sakafu. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa wodi. Alimpisha Dokta apite, na hakumwita mwanangu.

"Nilikuwa karibu yako hivi tulivyo sasa," Fundi alisema.

"Niliambiwa ataiga sauti yako."

"Ukaamini si mimi."

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na pengine ingewaokoa. Lakini hakuwahi kumdanganya, na hakujua aanzie wapi.

"Mwanga ule nilijua ni wa mtu," alisema. "Moyoni nilijua. Ila niliambiwa nikijibu utakufa."

"Na usipojibu?"

Fundi aligeuza uso ukutani. Alipozungumza hapakuwa na utani wowote ndani ya sauti yake, na hilo lilimuumiza Dokta kuliko maneno yenyewe.

"Umeme umenipiga mara nyingi, mke wangu. Hakuna siku nimepigwa kama nilipokuona unafumba macho."

Aliruhusiwa kutoka akiwa mzima. Bi Sindano alituma salamu kwa Breki kwamba posa imevunjika, na kweli, taa za nyumba zilitulia, hata ile ya jikoni. Fundi aliikagua mara ya mwisho, akaridhika, kisha akafunga mfuko wake wa zana na kuuweka begani. Alisema anakwenda kwa mama yake kupumzika kidogo. Hakuwa na hasira. Dokta alimwomba abaki, akamshika mkono ule wenye kovu, na yeye akauachia mkono wake ushikwe, kama mtu anavyomwachia mgeni. Akaondoka. Hakusema lini atarudi, na Dokta hakuthubutu kumuuliza.

Usiku ule Dokta alijilaza upande wake wa kitanda. Alijiambia yuko hai, hilo ndilo alilolitaka, yuko hai kwa mama yake anakula uji, na mengine yatatengenezeka. Aligeuka. Akageuka tena. Nje hapakuwa na upepo.

Harufu ilikuja polepole, ya nguo mpya.

Aliinuka kidogo akatazama kitaa cha chaja, dirisha, ufa wa chini ya mlango. Alisubiri miale miwili. Alikuwa tayari kutojibu, usiku huu na kila usiku, maisha yake yote. Hakikuwaka kitu. Alisubiri mpaka macho yakauma, na ndipo akakumbuka jambo ambalo huwaambia wanafunzi wake kila mwaka, na wao hulipokea kwa kicheko: dume akishafika kwa jike huzima taa yake. Hana tena haja ya kuuliza. Hutembea tu juu ya jani, gizani, mpaka alipo.

Nyuma ya mgongo wake, upande wa mumewe, godoro likabonyea taratibu.